Fundi wa Skrini Iliyozimwa

Mimi sina subira, na sitaki mtu anisomee hotuba juu ya jambo hilo. Nikibandika maji ya chai nafunua sufuria mara tano kabla hayajachemka. Nikimtuma mtu dukani namfuata kwa macho mpaka konani, na akikawia dakika mbili naenda mwenyewe. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa mkunga akiwa bado njiani. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa mdogo wake amwongoze.

Mdogo wangu haoni. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka minne, mimi nikiwa na kumi na mmoja, na tangu hapo mkono wake ulikaa ndani ya mkono wangu. Shuleni, dukani, kliniki, kote mimi. Hapa kuna ngazi, hapa kuna dimbwi, huyu anayekuja ni jirani, msalimie. Nilimwambia hata vitu alivyokwisha kuvijua. Akiwa na miaka ishirini bado nilikuwa namwambia chai ni ya moto, na yeye ndiye aliyeimimina.

Sasa tunafanya kazi ofisi moja, ofisi ya maji. Mimi ni mhudumu. Nafagia, napika chai, nabeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile. Yeye ni fundi wa kompyuta, na wewe usinune kama alivyonuna meneja siku ya kwanza. Meneja alisoma vyeti vyake mara mbili, akamtazama, akatazama vyeti tena. Hatimaye akampa miezi mitatu ya majaribio. Alisema mwisho wa miezi mitatu ataamua mwenyewe kama kompyuta ni kazi ya mtu asiyeona, na aliyasema hayo mbele yangu, trei ikiwa mkononi. Nilitamani kumwagia ile chai.

Tatizo lilikuwa jinsi mdogo wangu anavyofanya kazi. Anazima skrini. Anaketi mbele ya kioo cheusi, kisikilizio kimoja sikioni, vidole vinakimbia juu ya kibodi, na kuna sauti ndani ya mashine inayomsomea kila mstari upesi upesi, kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Mimi niliwahi kukiweka kile kisikilizio sikioni mwangu nikakitoa palepale. Sikushika hata neno moja. Yeye anasikia yote, na mambo ya kubofya picha na vialama hataki hata kuyasikia.

"Dirisha la picha ni la wenye macho, dada," aliniambia. "Mimi nipe dirisha la amri. Pale unaandika mstari, unajibiwa mstari. Hakuna anayemzidi mwenzake."

Mambo mazuri, lakini wapitaji waliona nini? Waliona mtu ameketi mbele ya skrini iliyozimwa anapapasa. Karani mmoja aliniuliza kwa upole kama ndugu yangu anajua kwamba kompyuta haijawashwa. Nikarudi mbio kumwambia mdogo wangu aiwashe, watu waone anafanya kazi.

"Naiwasha nimtazamie nani?" akasema, na vidole havikusimama.

Kwa hiyo nikawa naiwasha mimi. Nikiingia na chai nabonyeza kitufe, mwanga unatoka, moyo unatulia. Nikitoka, anaizima. Tulikwenda hivyo karibu miezi mitatu, kila mmoja na ukaidi wake.

Ijumaa ninayoisimulia ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio. Wasoma mita wetu ni ishirini na sita, na kila mmoja ana simu ya ofisi ya kuingizia namba anazozisoma nyumba kwa nyumba. Fomu za kwenye simu zilikuwa zimebadilika. Zamani, fomu zikibadilika, simu moja moja ilishikwa, ikabofywabofywa, ikarudishwa, na kazi ilikula wiki nzima. Mdogo wangu alimwambia meneja kwamba zipo programu za kusimamia simu nyingi kutoka kompyuta moja: unazichomeka zote kwa waya, unatoa amri, zote zinabadilika kwa pamoja. Meneja akakunja uso. Akasema sawa, Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Zikiwa tayari, atasaini mkataba wa kudumu. Zisipokuwa tayari, wasoma mita watatoka na madaftari, na yeye atamtafuta fundi mwingine.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mimi sikupata usingizi. Yeye alilala fofofo.

Saa tatu asubuhi wasoma mita walikuwa wameshajaa kwenye benchi la ukumbini. Mkubwa wao tunamwita Babu Mita, mzee mwenye goti bovu na mdomo mzima. Mdogo wangu alipopita akamwamkia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Fundi. Hiyo programu yako mpya inafukuza mbwa? Maana mbwa wa mtaa wa juu wananijua kuliko wajukuu zangu."

"Inafukuza wazee wanaocheza karata kwenye simu ya ofisi."

Benchi zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama saa.

Tukaingia chumbani kwake, akaketi, akaweka kisikilizio. Nikawasha skrini, nikasimama nyuma yake. Akaandika mstari mmoja mfupi, akabonyeza. Mashine ikauliza neno la siri. Nikaona vidole vyake vinaandika na kwenye skrini hakitokei kitu, hata nukta.

"Haiandiki!" nikasema. "Kibodi imekufa."

"Neno la siri halionyeshwi, dada. Linaandikwa gizani." Akatabasamu. "Leo umeonja."

Kisha akanieleza, maana alijua nisipoelezwa nitapasuka. Ndani ya mashine kuna mtunza vifurushi. Humwendei dukani wala humbofyi. Unamwandikia jina la programu unayoitaka, yeye anakwenda ghalani kuitafuta, anaileta na kuipanga mahali pake. Na programu haiji peke yake, inakuja na jamaa zake wote inaowategemea, kama bibi harusi. Kwenye skrini niliwaona kweli wamejipanga majina, kumi na saba, halafu mashine ikauliza: niendelee? Akajibu ndiyo.

"Sasa itachukua muda," akasema, akivua kisikilizio. "Mtandao wetu unaujua. Itafika mahali inyamaze kabisa, hata nusu saa. Ni sawa. Naenda kukusanya simu ukumbini. Usiguse kitu."

"Mimi niguse nini?"

"Dada. Usiguse."

Akatoka, mkono ukiteleza ukutani. Nikabaki.

Mwanzoni ilikuwa raha. Mistari ilikuwa inapanda, namba zinaongezeka, nikasema, haya ndiyo mambo. Nikaketi kwenye kiti chake. Kisha mistari ikasimama. Wa mwisho ulikuwa unasema inapanga kifurushi cha kumi na moja, halafu basi. Kijistari kidogo pale chini kinawaka na kuzima.

Nikasubiri. Naapa nilisubiri. Nikatazama saa ya ukutani, nikafuta meza ambayo haikuwa na vumbi, nikatazama tena. Ukumbini nilisikia Babu Mita akilalamika kwamba simu yake ina picha za harusi ya mwanawe, zisipotee. Kijistari kinawaka, kinazima. Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Miguu ilianza kunitembea yenyewe chini ya meza.

Nikawaza, hii imekwama. Nimeziona kompyuta za makarani zikikwama, na nimeona wanavyofanya: wanafunga, wanafungua upya, mambo yanaendelea. Nikawaza mdogo wangu hawezi kuona kwamba imesimama, atarudi akiamini inakwenda, atakaa akisubiri mpaka saa sita itamkuta. Nani atamwambia kama si mimi? Mimi ndiye macho yake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na niliona nina busara kweli.

Kipanya cha kompyuta alikuwa amekiweka kwenye droo, hakitumii. Nikakitoa, nikakisogeza mpaka kwenye alama ya kufunga dirisha, nikabofya. Mashine ikaniuliza: kuna kazi inaendelea, una hakika unataka kufunga? Hata mashine, isiyo na damu, ilinionya. Nikabofya ndiyo.

Dirisha likatoweka. Kwa sekunde moja nikajisikia kama mtu aliyewahi kuepua chungu kabla hakijaungua. Halafu nikasikia hatua zake ukumbini. Sijui kwa nini nilikurupuka kuzima skrini, maana mtu aliyefanya jema hakurupuki. Aliingia na boksi la simu mikononi, akaliweka mezani, akaketi, akavaa kisikilizio.

Vidole vikasimama hewani.

Akabonyeza hiki na kile. Mkono wake wa kulia ukaanza kupapasa meza polepole, ukakikuta kipanya. Akakishika, akakaa nacho kidogo. Kisha akakirudisha kwenye droo, akaifunga.

"Labda mtandao," nikasema.

Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo huu. Ulimi uliwahi kuliko akili.

"Labda," akajibu.

Akafungua dirisha la amri upya, akaandika. Nikawasha skrini, na safari hii hakuniambia nizime. Jibu lilikuwa refu na baya. Mtunza vifurushi alisema kazi iliyopita ilikatizwa katikati, ghala limefungwa, hawezi kuleta wala kuondoa chochote mpaka mambo yawekwe sawa. Kifurushi cha kumi na moja kilikuwa nusu ndani nusu nje, na sita waliobaki walikuwa wanakingoja hicho. Mdogo wangu aliyasikiliza yote. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na yeye si mtu wa kutokwa jasho.

Saa nne na nusu meneja akaingia. Ana kawaida ya kubisha hodi akiwa ameshafika katikati ya chumba.

"Vipi, Fundi? Tumefika wapi?"

"Kuna kazi imekatizwa, mkuu. Naiweka sawa."

"Imekatizwa na nani?"

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Nikawaza nikisema ni mimi atasema, haya, ndiyo matokeo ya kuajiri ukoo mzima, mmoja anafagia mwingine anabofya. Nikawaza nisiposema itakuwaje. Nilikuwa bado nawaza pale mdogo wangu alipojibu.

"Ilikuwa chini yangu. Nilipaswa kuifunga mashine isiguswe kabla sijatoka."

Meneja akatazama skrini iliyojaa maandishi mekundu. Akashusha pumzi ndefu, ile ya mtu aliyekuwa ameshalitarajia jambo. "Sikulaumu," akasema. "Kazi hii kwa kweli ni ya macho. Jaribu mpaka saa sita, kama tulivyokubaliana. Baadaye uje ofisini kwangu tuzungumze vizuri."

Kuzungumza vizuri. Kila mfanyakazi anajua maana yake. Akatoka, nami nikabaki nimeng'ang'ania pazia.

"Nikusaidie nini?" nikamwuliza mdogo wangu.

"Kaa chini."

"Niite mtu? Yule fundi wa benki..."

"Dada, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini na wewe hakuna aliyekuambia utazame. Kaa chini."

Nikakaa. Sijawahi kukaa kitako nikateseka kama saa ile. Aliandika amri, akasikiliza, akaandika nyingine. Kwanza alifungua ghala. Ilikubali. Kisha akamwambia mtunza vifurushi amalizie alichokiacha nusu. Ikakataa, kifurushi cha kumi na moja kilikuwa kimeharibika. Akakiondoa kwa nguvu, ikamwonya, akasisitiza. Akaanza kukileta upya, namba zikawa zinaongezeka kwa kujikokota, asilimia tatu, asilimia nne, na saa ya ukutani haikujikokota hata kidogo. Nikasimama. Nikakaa. Nikaenda kupika chai ambayo hakuna aliyeiomba, nikairudisha. Nilipoingia mistari ilikuwa imesimama tena palepale, kifurushi cha kumi na moja, kijistari kinawaka na kuzima.

Mdogo wangu alikuwa amevua kisikilizio. Mikono iko mapajani. Ametulia tuli.

"Imesimama," nikanong'ona.

"Haijasimama. Inafanya kazi. Weka mkono hapa."

Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya boksi la mashine. Chini ya kiganja kulikuwa na mtetemo mdogo, mfululizo, usiokatika. Ilikuwa inatetemeka hivyo wakati ule mwingine pia, nami nilikuwa nimeketi nusu hatua kutoka pale, na macho yangu mawili.

Dakika ishirini na mbili ilikaa kimya. Nilizihesabu zote. Saa tano na dakika thelathini na tano mistari ikaruka ghafla: kumi na mbili, kumi na tatu, mpaka kumi na saba, na mwisho programu yenyewe ikaingia. Hakushangilia. Akaanza kuchomeka simu kwenye kigawanyi cha waya, moja baada ya nyingine, kwa kupapasa, na nilipoinua mkono nimsaidie nikaurudisha mwenyewe. Akaandika amri ya kuziorodhesha. Ishirini na tano. Akapitisha vidole kwenye nyaya mpaka akaipata ile iliyolegea, akaikandamiza. Ishirini na sita. Kisha akatoa amri ya fomu, na zile simu zikaanza kutetemeka mezani, moja, tatu, kumi, zikigongana, mpaka wasoma mita wakaja kuchungulia mlangoni.

"Picha za harusi?" Babu Mita akauliza.

"Zipo, Babu. Karata ndizo sizioni."

Meneja alikuja saa sita kasoro dakika tano. Alichukua simu moja akaifungua, akaiweka, akachukua nyingine, akafanya hivyo kwa simu tano. Nampa haki yake: alipokosea alijua kukiri. Alisema, "Basi nilikosea," akaenda kuleta mkataba, akausoma kwa sauti mstari kwa mstari, mdogo wangu akasaini pale alipoelekezewa kidole.

"Sasa wewe ni mfanyakazi wetu wa kudumu," meneja akasema, furaha imempanda. "Sema unachohitaji kazini. Kiti kipya? Meza?"

"Kufuli kwenye mlango huu," mdogo wangu akasema. "Nifunge nikiwa kazini. Na ufunguo niwe nao mimi peke yangu."

Meneja akacheka, akanitazama. "Peke yako? Hata dada yako asiingie?"

"Hasa dada."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuomba sukari. Meneja alidhani ni utani wa ndugu, akazidi kucheka. Mimi nilihisi kama nimepigwa kofi mbele ya watu, uso ulinichoma mpaka masikioni. Niliumia, na nilikasirika pia, nisidanganye mtu. Miaka ishirini na mitatu nimemshika mkono, leo ananifungia mlango? Lakini nilijua ni kwa nini, na yeye alijua kwamba najua, na meneja alikuwa anaondoka akiamini kwamba mdogo wangu ndiye aliyeacha kazi ovyo asubuhi ile.

"Mkuu," nikasema. "Kazi ya asubuhi niliikatiza mimi. Alinikataza nisiguse, nikagusa. Nikafunga dirisha. Halafu nikasingizia mtandao."

Kicheko kikaisha. Meneja akanitazama muda, akamtazama mdogo wangu, akasema kufuli litawekwa Jumatatu, akatoka.

Tukabaki wawili. Nilingoja aseme ahsante, nakiri hilo. Nilidhani nimelipa.

"Nilikikuta kipanya mezani, nikajua," akasema. "Nilingoja useme wakati ule alipouliza."

"Niliogopa angekufukuza."

"Alikuwa ananifukuza, dada. Ulikuwa umesimama pale." Akatafuta maneno, na mimi kwa mara ya kwanza sikumtafutia. "Unanipenda, najua. Lakini wewe kwangu husubiri. Ukiniona nimenyamaza unadhani nimekwama."

Nilikwenda jikoni, nikalia, nikaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Jumatatu seremala akaja, akatoboa mlango, akafunga kitasa kipya. Mhudumu ndiye anayetunza funguo za jengo zima, kwa hiyo alipomaliza alinikabidhi mimi. Funguo mbili, mpya, zimeunganishwa kwa uzi. Hakuna aliyemwambia mdogo wangu zitakuwa ngapi, na yeye asingeona. Nilisimama nazo ukumbini. Nilikata uzi, nikatia mmoja kwenye mfuko wa aproni. Ukija moto je? Akianguka humo ndani? Mtu yeyote mwenye akili angebaki na mmoja, niliwaza, na ilikuwa sauti ileile ya Ijumaa, yenye busara ileile.

Nikaingia. Akanyoosha kiganja.

"Ziko ngapi?"

Nikaingiza mkono kwenye aproni. "Mbili," nikasema, nikaziweka zote.

Akazikunjia vidole. Nikatoka, na nyuma yangu nikasikia kitasa kinazunguka. Nikaenda kupika chai. Niliporudi na kikombe mlango ulikuwa umefungwa, skrini hakika imezimwa, na ndani hakusikiki kitu, hata vidole. Nikabisha hodi. Kimya. Mkono ukainuka ubishe tena, nikaushusha, chai ikawa inapoa, nikasimama pale nikimsubiri.